Barua kwa mwanangu: moto wa wiki mbili

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema tangu Januari umemaliza vitabu tisa vya kujiendeleza. Kila ukifunga kimoja unawaka, unaamka saa kumi na moja alfajiri na kuandika malengo. Wiki mbili baadaye umezima na akiba iko palepale. Ukaniuliza: "Mama, niendelee kuvisoma au najidanganya?"

Soma, mwanangu. Ila zile wiki mbili za moto unazimalizia kwenye kuandika malengo, na hapo ndipo unapopoteza.

Mwaka 1996 mwalimu mwenzangu aliniazima kitabu kidogo cha George Clason kuhusu tajiri wa Babeli. Hadithi zile zilianza kuchapishwa Marekani mwaka 1926 kama vijarida, mabenki na makampuni ya bima yakawa yanawagawia wateja. Yalikuwa na faida yao, yalitaka watu waweke fedha, lakini ushauri wenyewe ni wa kweli: fungu la kumi la kila unachopata litenge kwanza, kabla ya duka na kabla ya mwenye nyumba. Nilikisoma usiku mmoja kwa koroboi. Asubuhi, joto lake likiwa bado mwilini, nilikwenda kwa mhasibu wa SACCOS yetu, chama chetu cha kuweka na kukopa, nikajaza fomu ya makato. Udongo uwahi ungali maji. Wiki ya tatu hamasa ilikuwa imekwisha kabisa, tena ulikuwa mwezi wa ada na nilijuta kusaini. Ningekuwa napeleka fedha kwa mkono, nisingepeleka. Makato yakaendelea kukatwa vilevile. Mabati ya nyumba uliyokulia yalitoka humo.

Kitabu kingine kilinigharimu. Kilihimiza uthubutu tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, nami nikakopa na kuleta vifaranga 200 wa mayai. Moyo nilikuwa nao. Ratiba ya chanjo sikuwa nayo. Ugonjwa wa kideri ukaingia na kwa siku chache banda likabaki tupu, mkopo nikaulipa kwa miezi 18. Ulikula fedha ya ada ya dada yako, na mpaka leo jambo hilo linaniuma. Shangazi yako alikuwa akifuga mtaa wa pili. Angenieleza kila kitu kama ningekwenda kumuuliza. Kwa hiyo kitabu kikikutia moyo wa kuanza biashara, kishukuru, kisha katafute mtu anayeifanya biashara hiyohiyo ukae naye.

Sasa lile lengo la kuacha kazi ukiwa na miaka 45. Umesoma kwamba unahitaji akiba ya mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Kwako ni 800,000 kwa mwezi, yaani milioni 9.6 kwa mwaka, hivyo milioni 240. Unaweka 200,000 kwa mwezi. Ukigawanya unapata miaka 100. Nadhani moto wako unazimwa na hesabu hii kuliko uvivu unaojilaumu nao.

Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, niruhusu niisahihishe. Akiba ya namna hiyo hailali, inazaa. Milioni 2.4 kila mwaka, kwa faida ya asilimia 10 inayorudishwa ndani, baada ya miaka 20 inakaribia milioni 137, ilhali ulichotia mkono wako ni milioni 48. Bei nazo zitapanda, fedha hizo hazitakuwa na nguvu ya leo, lakini si miaka 100.

Na ile 25 yenyewe ina kwao. Mshauri wa fedha Mmarekani, William Bengen, aliipigia hesabu mwaka 1994 kwa historia ya hisa na hatifungani (hati za kuikopesha serikali kwa riba) za Marekani, akitafuta kiasi ambacho mstaafu anaweza kutoa kila mwaka fedha zikamtosha walau miaka 30; akapata kama asilimia 4, yaani fungu moja kati ya 25. Wewe ukiacha kazi na miaka 45 utazihitaji kwa muda mrefu zaidi. Tena mimi nilianza kazi mwaka 1984, wakati mfumuko wa bei hapa Tanzania ulizidi asilimia 30 kwa mwaka, nikaona fedha za kwenye kitabu cha benki zikiyeyuka. Hesabu ya Bengen haijapitia hayo. Jua matumizi yako ya mwaka, hilo ni zuri sana, lakini milioni 240 usiibandike ukutani. Bandika milioni 1 ya kwanza, kwa sababu hatifungani za serikali zinanunuliwa kuanzia kiasi hicho.

Mshahara wako unaingia tarehe 25. Kabla ya hapo nenda benki, uwape maelekezo wahamishe zile 200,000 kila tarehe 26 kwenda kwenye vipande vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, bila wewe kugusa. Kitabu cha kumi umesema unakianza Jumatatu. Kianze, na Jumanne uwe dirishani benki.

Ukishasaini nipigie, hata kama ni saa ya kazi. Shangazi yako anakusalimu. Kuku wake wanataga vizuri na ameshakuwekea trei moja.

Mama yako