Mwanga wa thioflavini ukishuka, usishangilie kwanza

Wadogo zangu mnaoingia maabara kupima peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, za kuzuia protini zisigandane, anzeni kwa kuisoma amilini. Ni homoni ya kongosho yenye asidi amino 37. Kwa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili huganda na kurundikana ndani ya kongosho, lakini ya panya haigandi. Hizo mbili zinatofautiana kwa asidi amino sita tu, na tatu kati yake ni prolini, nafasi ya 25, 28 na 29. Prolini hupinda mnyororo, ukashindwa kulala ubavu kwa ubavu na mwenzake. Waliounda pramlintidi, dawa ya kisukari, walizipachika prolini hizo tatu kwenye amilini ya binadamu, na dawa ikaidhinishwa Marekani mwaka 2005. Mimi sijaona somo zuri kuliko hilo.

Wengine, ili kupata kizuizi, hukata kipande cha protini yenyewe inayoganda. Mwaka 1996 Tjernberg na wenzake walionyesha kwamba KLVFF, yaani asidi amino ya 16 hadi ya 20 ya beta-amiloidi, hunasa kwenye beta-amiloidi nzima, ile ya ugonjwa wa Alzheimer. Lakini kipande chenye uchu wa kushikana huweza kuganda chenyewe. Kwa hiyo kila sahani iwe na shimo la peptidi peke yake, bila protini.

Sasa kipimo. Thioflavini T ni rangi inayong'aa inaponasa kwenye nyuzi za amiloidi, yaani protini zilizogandana zikawa nyuzi ndefu. Ukitia peptidi yako, mwanga ukashuka, jiulize: je, peptidi imeing'oa rangi kutoka kwenye nyuzi? Au nyuzi zimepungua huku vibonge vidogo vikiongezeka? Hili la pili linanitia hofu zaidi, maana vibonge hivyo huweza kuwa sumu kali kwa seli za neva kuliko nyuzi ndefu, na thioflavini huviona kwa shida. Mgonjwa hafaidiki na grafu iliyolala. Sampuli ileile ipelekeni kwenye darubini ya elektroni, kisha kwenye seli.

Na kabla ya yote, safisheni protini. Unga wa beta-amiloidi mara nyingi huja na mbegu za mgando tayari, yaani vipande vilivyokwisha kugandana. Uyeyusheni kwa kiyeyushi cha heksafluoroisopropanoli, mkaushe, na bufa ikishaingia fanyeni kazi juu ya barafu. Pipeti iende taratibu bila mapovu, kwa sababu protini hizi huganda upesi pale maji yanapokutana na hewa. Andikeni namba ya toleo la unga kwenye daftari, kwani matoleo mawili ya muuzaji mmoja huweza kuganda kwa kasi tofauti kabisa.