Nembo ya API SP na kemikali zilizomo kwenye oili

Kaka, umeuliza kama oili mbili za injini ya gari zenye nembo ya API SP (daraja la ubora wa oili) zina kemikali zilezile. Hapana. Taasisi ya Petroli ya Marekani (API) inaangalia oili imefaulu vipimo vya injini au la. Mapishi ni ya kiwanda. Mmoja atatumia molibdeni zaidi kupunguza msuguano, mwingine kidogo, na wote wakafaulu.

Ila vipimo ndivyo vinavyosukuma mapishi. SP, iliyoanza 2020, inataka oili isaidie kuzuia petroli kuwaka kabla ya wakati kwenye injini ndogo za turbo. Kalisi (kalsiamu) nyingi kwenye oili huchochea tatizo hilo, hivyo wengi waliipunguza wakaongeza magnesi (magnesiamu). Fosforasi nayo, kwa oili nyepesi kama 5W-30, imebanwa kati ya asilimia 0.06 na 0.08: ikipungua sana vyuma husagika, ikizidi huharibu katalisti ya ekzosi, kile kifaa kinachosafisha moshi.

Ndiyo maana sishauri kabisa kumwagia kwenye oili vile vichupa vya "kuongeza nguvu". Nembo ilitolewa kwa mchanganyiko uliopimwa. Ukishaongeza chako, huo ni mchanganyiko mwingine. Fungua kitabu cha gari, nunua daraja na unene vilivyoandikwa humo.