Mtoto Akiwa Mlegevu, Omba Kipimo cha SMN Mapema

Mzazi mwenzangu, kama mtoto ana miezi kadhaa na shingo haijakaza, miguu imelala tu, na akilia sauti ni hafifu, usitulizwe kwa "watoto hawalingani". Mwombe daktari kipimo cha damu cha jeni ya SMN1. Mwanangu ana SMA, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, na neva iliyokufa hairudi.

Majibu yakitoka, uliza pia ana nakala ngapi za SMN2, jeni pacha ya SMN1. Daktari wetu hapa Marekani alinichorea, nami nakueleza nilivyomwelewa. Seli hunakili jeni kuwa RNA ndefu, yaani nakala ya maelekezo ya kutengeneza protini, kisha hukata sehemu zisizohitajika na kuunganisha zilizobaki. SMN2 inafanana sana na SMN1, ila kwa sababu ya herufi moja iliyobadilika, kipande cha saba, ambacho kinahitajika, mara nyingi huachwa nje. Neva hizo huhitaji protini ya jeni hizi ili ziishi, lakini inayotoka hapo haidumu. Mtoto aliyekosa SMN1 hutegemea ile kidogo iliyo nzima, ndiyo maana nakala zikiwa nyingi ugonjwa kwa kawaida huwa mwepesi.

Adrian Krainer, mzaliwa wa Uruguay anayefanya utafiti Cold Spring Harbor, New York, alishirikiana na Frank Bennett wa kampuni ya Ionis kutengeneza nusinersen, dawa inayojibandika kwenye RNA ya SMN2 ili kipande cha saba kibaki. Iliidhinishwa Marekani Desemba 2016. Hudungwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Mwanangu sasa anakaa bila kushikwa na anajilisha kwa kijiko, kutembea bado. Wengi waliotibiwa kabla ya dalili hutembea, na nikiwaona kliniki nafurahi na kuumia kwa pamoja.

Bei ya mwanzo ilikuwa dola 750,000 kwa mwaka wa kwanza. Najua maana yake kwa familia zilizo nyumbani. Hata hivyo pima: utajua kumlinda kifua, kumlisha salama na kumfanyisha mazoezi ya viungo. Na wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani wana jeni yenye hitilafu bila wao kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua.

Ukitumiwa ujumbe kwamba Krainer amepata dawa ya saratani, usiusambaze. Mwaka 2007 maabara yake ilionyesha kwamba SRSF1, protini inayoongoza ukataji wa RNA, ikizidi inaweza kugeuza seli kuwa za saratani. Huo ni utafiti muhimu, lakini si dawa, na mgonjwa wako asiache matibabu kwa sababu ya utafiti huo.