Seva ya bei za mahindi: nianze na nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Kibaigwa, namsaidia mjomba sokoni. Najua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu. Nataka wakulima wafungue simu waone bei ya gunia kabla hawajapakia mzigo. Rafiki yangu anasisitiza Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti. Nianze nayo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wazo lako nimelipenda sana. Mkulima anayeijua bei kabla ya safari hadanganywi na dalali.

Django ni nzuri, lakini inakuja na vitu vingi ambavyo kwa sasa huvihitaji. Anza na Flask, mfumo mwepesi zaidi wa kazi hiyo hiyo, iliyotolewa mwaka 2010 na Armin Ronacher. Haikulazimishi hifadhidata yoyote. Bei zako ziweke kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ambayo Python tayari inayo.

Tengeneza mazingira ya pekee kwa `python -m venv bei`, yawashe, kisha andika `pip install flask`. Ndani ya app.py andika njia `/bei` (sehemu ya anwani atakayoifungua mtumiaji) na chini yake funksheni inayorudisha bei za leo. Andika `flask run`, fungua 127.0.0.1:5000/bei kwenye kivinjari.

Sasa nisikilize vizuri. Anwani hiyo inaonekana kwenye kompyuta yako tu. Ukiongeza `--host=0.0.0.0` kwenye `flask run`, simu zilizo kwenye Wi-Fi yenu nazo zitaifikia, ila hiyo bado ni seva ya majaribio. Siku ya kuwapa wakulima, kodi seva mtandaoni, tumia Gunicorn, programu ya kuendesha tovuti za Python kwa watumiaji halisi, na hali ya debug (ya kutafuta makosa) izimwe kabisa: ikibaki wazi, mgeni anaweza kuendesha amri zake ndani ya seva yako.