Unaripoti chuo Nairobi? Panga semista ya kwanza kama pesa ya mkopo haiji

Mdogo wangu, umeuliza maswali manne kwa mpigo: umetoka Kitui, umeitwa chuo hapa Nairobi, unataka kujua ubebe nini, ukae hosteli ama ukodishe nje, pesa ya HELB, yaani bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, itatosha ama vipi, na kama lazima uwe na laptopu. Wengi waliokujibu kabla yangu wamekwambia soma kwa bidii na umche Mungu, na sipingi, lakini hio hata shangazi yako alishakwambia. Mimi nilisomea hapa hapa Nairobi, nikakaa hosteli kisha nikahamia nje, na tangu nimalize nimekuwa nikipokea binamu zangu wakija kuripoti, kwa hivyo nakujibu vile nimeona. Naanza na pesa, juu mwaka wa kwanza pesa inaangusha watu kuliko masomo.

Sikiza. Ule mfumo mpya wa kulipia chuo ulioanza 2023 unagawa wanafunzi kwa bendi 5 kulingana na hali ya nyumbani, kuna sehemu ya skolaship, kuna sehemu ya mkopo wa HELB na kuna sehemu mzazi analipa mwenyewe. Skolaship na mkopo wa karo vinaenda moja kwa moja kwa akaunti ya chuo, wewe huvioni. Kinachokufikia mkononi ni ile ya matumizi peke yake, na haiingii siku unaripoti. Inaweza kuingia wiki kadhaa ndani ya semista, na huku umeshalipa rumu, umenunua beseni, na unakula kila siku kama watu wengine. Freshaz (wanafunzi wapya) wengi wanakuja na hesabu ya "HELB ikiingia nitafanya hivi", na ndio maana ukifika wiki ya nne unaona mtu anakopa kopa kwa kila mtu hadi mwenye kibanda. Kwa hivyo kaeni chini na mzazi sai, kabla hujafunga begi, mpange semista nzima kama hakuna pesa ya mkopo inakuja. Ikiingia weka ikusaidie semista ya pili, hapo utakuwa umewaacha wenzako mbali sana.

Na kama bado hujaomba hio skolaship na mkopo, omba leo. Utahitaji nambari yako ya KCSE, vitambulisho vya wazazi, na kama mzazi aliaga cheti cha kifo kiwe tayari, hicho ndicho huwa kinasumbua watu wakati wameshafika huku na chifu yuko mbali. Ukiona wamekuweka bendi ambayo haiendani kabisa na hali ya kwenu kuna nafasi ya rufaa, usinung'unike tu kwa WhatsApp. Pia usisahau basari ya NG-CDF (ule mfuko wa eneo bunge) na ya kaunti. Fomu zinachukuliwa kwa ofisi za huko nyumbani na zinataka mkono wa chifu, kwa hivyo zishughulikie ukiwa bado uko Kitui juu nauli ya kurudi kufuata muhuri mmoja inaweza kula nusu ya hio basari yenyewe. Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi ni kwamba HELB ni deni. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, unatarajiwa uanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza, na usipolipa kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Si kukutisha, chukua kama unahitaji, mimi mwenyewe nilichukua na nimelipa. Ila yule anayechukua halafu anaiweka kwa beting siku imeingia, sijui nimwambie nini. Nimeona pesa ya semista nzima ikiisha kabla ya saa nne usiku, jamaa yuko hapo kitandani na simu, hatujui tumpe pole ama tumchape.

Hosteli ama nje? Mwaka wa kwanza kaa hosteli ya chuo kama utapata, hilo sitabishana na mtu. Ni bei ya chini, hulipi fea ya kila siku, na ukilala na watu wa kozi yako unajua lekcha ameahirisha kabla hujavaa viatu. Shida ni kwamba vitanda havitoshi na nafasi zinaisha haraka, kwa hivyo siku ile potali ya chuo ya mtandaoni inafunguliwa uwe umekaa macho na pesa iko tayari kwa simu. Kama hujapata, basi inategemea chuo, na hukusema ni kipi. Wa Chuo Kikuu cha Nairobi pale Main wanakaa sana Ngara na Pangani, wa Kenyatta wako mitaa ya KM na Kahawa Wendani, wa JKUAT wako Juja, wa Multimedia wengi wanavuka Rongai. Mkiwa wawili mnaoaminiana, bedsita, ile nyumba ya chumba kimoja, mnaweza kugawana.

Ukitafuta nyumba usitume hata bob kwa mtu ambaye hujaona uso wake na hujaona mlango wa hio nyumba. Hawa wa "tuma ya kuangalia nyumba kwanza" mtandaoni wanaishi kwa freshaz kila Agosti na Septemba. Ukifika, usiulize keateka (mtunza nyumba) kuhusu maji juu atakwambia yako kila siku, uliza mpangaji unayemkuta anaanika nguo. Uliza maji yanakuja siku ngapi kwa wiki, kama stima ni tokeni yako peke yako ama mnashea mita na watu wa chini, na geti inafungwa saa ngapi. Depoziti upewe risiti. Basi.

Vitu vya kubeba, watu wanazidisha. Nimeona msichana ameshuka na sanduku la chuma la boding, ndoo mbili na mto wa nyumbani, na rumu yenyewe ni ya watu wanne. Beba stakabadhi halisi na kopi zake, picha za pasipoti za kutosha, fomu ya matibabu ikiwa imejazwa na daktari, blanketi moja na nguo za baridi, juu Julai na Agosti Nairobi si Kitui kabisa. Vingine nunua huku. Sufuria, sahani na beseni ni Kamukunji pale kwa mafundi. Shiti, duveti na jaketi ni Gikomba, uende asubuhi mapema wakati belo za mitumba zinafunguliwa upate kamera, yaani zile safi za kwanza, ukienda saa nane mchana unachagua yale yaliyobaki. Mboga za wiki ni soko la Marikiti, mkienda watatu mnagawana gunia. Halafu soma barua ya chuo ujue kama godoro lipo ama unajibebea, na kama wanaruhusu kupika. Hosteli nyingi haziruhusu, watu wanapika na koili ya stima kwa siri na stima ikizima hosteli nzima kila mtu anajifanya hajui ni nani. Chakula cha mesi si kitamu lakini kinashinda kulala njaa, na chapo madondo (chapati na maharagwe) ya kibandani itakuokoa siku nyingi.

Kwa town, usishike simu karibu na dirisha la matatu kukiwa na jam hapo raundabauti ya Globe. Nadhani hio inatosha, mengine utaonyeshwa.

Sasa masomo, na hapa nitakaa kidogo juu kuna jambo moja watu wanalijua wakiwa mwaka wa nne wakati haliwasaidii tena. Shule ya upili kulikuwa na kengele, kulikuwa na mwalimu wa zamu, ukikosa darasa unatafutwa. Huku hakuna mtu atakutafuta. Utarejista yuniti zako, yaani masomo ya semista hio, mwenyewe kwa potali, na kuna siku ya mwisho, na usiporejista unaweza kuhudhuria semista nzima, ukafanya kila kitu, halafu siku ya mtihani jina lako halipo kwa orodha. Ukimaliza kurejista pakua ile karatasi na uiweke. Vyuo vingi vinataka uwe umehudhuria angalau thuluthi mbili ya masomo ndio ukalie mtihani, na ile karatasi ya kusaini inayopita darasani si mapambo, isaini kila mara, na usimpe mtu akusainie juu siku lekcha akiamua kuhesabu vichwa mnaumia wote wawili.

Alama mara nyingi ziko hivi: CAT (mitihani midogo ya katikati ya semista) na asaimenti zinachukua 30, mtihani wa mwisho 70. Ukikosa kukalia CAT unaingia mtihani na mlima. Lakini hata ukikalia, kuna hii balaa inaitwa alama kupotea. Umefanya CAT, umefanya mtihani, halafu kwa potali hio yuniti iko wazi haina kitu, ama imeandikwa kama hukukalia. Ni kwamba masikripti, zile karatasi za majibu yenu, yanapita mikono mingi kutoka kwa lekcha hadi idara hadi kwa mtu wa kuingiza kwa kompyuta, na malekcha wengi ni wa mkataba, anafundisha kwenu semista hii, semista ijayo yuko chuo kingine na simu yake haishiki. Rafiki yangu wa karibu hakuvaa joho na sisi kwa sababu ya yuniti moja ya mwaka wa pili. Moja tu. Alikuwa ameona pengo mapema akasema atashughulikia baadaye, na alipoanza kufuata, lekcha alikuwa ameshaondoka na idara ikawa inamuuliza ushahidi. Alizunguka ofisi karibu mwaka mzima akisubiri, na kazi aliyokuwa ameahidiwa ikachukuliwa na mwingine.

Kwa hivyo fanya hivi kuanzia wiki ya kwanza. Kila CAT ukirudishiwa ipige picha na karatasi uiweke kwa faili moja, usifungie mandazi. Asaimenti tuma kwa imeili hata kama umepeana kwa mkono, ili ibaki na tarehe. Kwa chumba cha mtihani hakikisha umesaini ile orodha kabla hujatoka, na kadi ya mtihani usiitupe. Alama zikitoka kila semista fungua potali uangalie yuniti kwa yuniti, ukiona pengo nenda idara wiki hio hio na karatasi zako. Ukienda na ushahidi mapema, katibu wa idara ambaye kila mtu anasema ni mkali atakusaidia kwa dakika chache, na kwa njia, huyo katibu msalimie vizuri kila siku hata kama huna shida. Kuna watu wanajua jina la mwenyekiti wa wanafunzi na hawajui la katibu wa idara yao, mi nawashangaa.

Kama ukifika unagundua kozi si yako, usikae ukilia mwaka mzima. Kuna uhamisho kati ya vyuo kupitia KUCCPS (wale wanaopangia wanafunzi vyuo) na kuna wa ndani ya chuo kutoka kitivo kimoja hadi kingine, yote inafanyika mapema mwanzoni, ukichelewa umebaki hapo. Na ukilemewa, iwe ni upweke ama ni mambo ya nyumbani, ofisi ya mlezi wa wanafunzi (Dean of Students) ina watu wa ushauri na hawalipishi. Wengi wanadhani ni ofisi ya kuadhibu watu tu.

Laptopu sasa. Kama ni kozi ya kompyuta, ya usanifu majengo ama ya takwimu, utaihitaji lakini si siku ya kwanza. Kozi nyingine unaweza kumaliza mwaka wa kwanza na simu nzuri na maktaba ya chuo ambayo ina kompyuta na waifai, na ukiwa town kuna maktaba ya McMillan pale Banda Street, imekuwepo tangu 1931, unakaa unasoma hakuna mtu anakusumbua. Usimsukume mama auze ng'ombe kwa sababu umeona freshaz wenzako na mashine mpya. Ngoja semista moja, uliza wa mwaka wa pili wa kozi yako wanatumia programu gani, halafu utafute iliyotumika kwa mtu mwenye duka na risiti, uiwashe hapo hapo, ukae nayo nusu saa uone betri inashuka aje kabla hujatoa pesa. Wale wa kukuvuta mkono pale barabara ya Luthuli wakikuonyesha moja na kukufungia nyingine, wapite tu. Na ukishajua chuo ni kipi niandikie hapa chini, kama ni upande wa Thika Road nina mtu Kahawa Wendani anahama Septemba na nyumba yake ina maji.