Mofini wodini: rejista inasema 11.4, kabatini zipo 11

SWALI: Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Tukihesabu mofini, dawa kali ya maumivu, kwenye kabati la DDA (la kufungia dawa zinazodhibitiwa kisheria), rejista inasema 11.4 lakini tunakuta ampuli 11, yaani vichupa vya kioo vya dawa ya sindano. Daktari akiandika miligramu 6, ile inayobaki tuifanyeje? Na mfamasia amekataa kutupatia nyingine kwa sababu ampuli tupu moja haionekani. Ana haki? – Muuguzi, Dodoma

JIBU: Ndugu muuguzi, kwa hesabu hiyo ulivyoieleza, 0.4 haijaibwa. Imezaliwa kwenye kalamu. Ampuli yenu ina miligramu 10 ndani ya mililita 1. Mgonjwa alichomwa mililita 0.6, na aliyeandika akatoa 0.6 kwenye 12. Ampuli ikishakatwa shingo haina nusu, imetumika yote. Safu ya salio huhesabu ampuli nzima, kwa hiyo 12 inakuwa 11, na zile miligramu 4 zinaandikwa kwenye safu ya dawa iliyomwagwa. Kama rejista yenu haina safu hiyo, pigeni mstari kwa rula muiongeze leo.

Kazi yenyewe ifanywe na watu wawili tangu kabati linapofunguliwa. Someni cheti pamoja, hesabuni zilizopo, toeni moja, someni jina na nguvu yake kwenye kioo chenyewe, si kwenye boksi. Vuta mililita 1 yote, kisha sukuma 0.4 kwenye pamba iliyomo ndani ya sanduku la vitu vyenye ncha kali, shahidi akitazama. Msimwage kwenye sinki. Kitandani mnakwenda na 0.6 tu, hivyo hata mkono ukiteleza mgonjwa hazidishiwi dozi. Sahihi ya shahidi iwekwe palepale: aliyesaini saa 12 asubuhi kwa dawa iliyomwagwa saa 8 usiku hakushuhudia kitu.

Kosa la 11.4 msilifute wala kulipaka wino mweupe. Rudini nyuma na mfamasia, ukurasa kwa ukurasa, mkilinganisha kila mstari na cheti chake. Mkiridhika, andikeni mstari mpya: "Salio limehakikiwa, 11", sababu, tarehe, sahihi mbili. Ikibainika imepungua ampuli nzima, hilo ni jambo jingine, na taarifa itolewe zamu hiyohiyo. Na kwenye makabidhiano ya zamu fungueni kila boksi. Boksi la ampuli 10 lililofungwa vizuri huhesabiwa kwa macho wiki nzima, kumbe ndani zipo 9.

Kuhusu ampuli tupu, mfamasia ana haki ya kuzidai, maana ndizo anazolinganisha na mistari ya rejista: mistari 9, tupu 9. Iliyovunjika sakafuni nayo ina mstari wake, na vipande vinakusanywa. Lakini kuizuilia wodi dawa kwa ajili ya tupu moja tunapinga kabisa. Andikeni taarifa ya upotevu, isainiwe, dawa itoke. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, ambao ndio msingi wa udhibiti huu wote, unatamka katika utangulizi wake kwamba dawa hizi hazina budi kupatikana kwa ajili ya kutuliza maumivu. Aliyepasuliwa tumbo asilale akiugulia kwa sababu ya kipande cha chupa.

SWALI: Mofini ya maji, chupa ya mililita 500, dozi mililita 5. Tunategemea dozi 100, hazifiki. Nani anakunywa? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Kwanza angalieni kikombe. Dawa hubaki ukutani kila mnapomimina, na wanaoimimina kwenye silinda ya kupimia kila zamu ili kuihesabu huipoteza zaidi. Tumieni bomba la sindano lisilo na sindano, wekeni alama ya kalamu kwenye lebo usawa wa dawa kila makabidhiano, na pimeni kwa usahihi chupa inapokaribia kwisha. Upungufu mdogo unaofanana chupa hadi chupa ni wa kumimina. Unaoruka ghafla, hasa zamu ileile, mpelekeeni mfamasia siku hiyohiyo pamoja na chupa yenyewe.