Gari la kukodi likigongwa, nani analipa?

Pole sana ndugu, la muhimu mmetoka salama. Unasema uligongwa kwa nyuma, kosa si lako, lakini waliokukodishia gari wanakudai wewe. Sababu ni kwamba mkataba uliosaini ni kati yako na wao, aliyekugonga hayumo. Kwa hiyo kabla ya kugombana, usome tena, hasa yale maandishi madogo.

Bima ya mtu wa tatu hulipa hasara za wengine, si gari ulilokodi. Ile nyongeza ya kila siku ya kukuondolea gharama za uharibifu ndiyo inayohusu gari lenyewe, na mara nyingi bado kuna kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe. Vioo na matairi huwa havimo.

Wapelekee ripoti ya polisi, picha, na namba ya bima ya aliyekugonga. Kwa bima ya huyo ndiko fidia inakopaswa kutoka. Wakikudai na malipo ya siku ambazo gari lililala gereji, omba ankara ya fundi yenye tarehe za kuingia na kutoka. Kuna wanaokadiria tu kwa macho! Kama gari lako binafsi lina bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, waulize pia waliokukatia bima hiyo. Baadhi hugharamia gari la kukodi. Na usisaini fomu yoyote yenye nafasi tupu ya kiasi.